Mambo ya Ulimwengu: Baisikeli Kando ya Reli

Ndugu wasomaji, aliye na ramani ya Ufaransa nyumbani au shuleni na aitandaze mezani, maana leo twaizunguka nchi ile kwa njia mbili, kwa reli na kwa baisikeli. Tazameni kwanza mistari ya reli. Mtaona jinsi inavyotoka Paris kwenda pande zote, kama miale ya nyota: mmoja waenda kaskazini hata Lille na mpaka wa Ubelgiji, mmoja mashariki hata Strasbourg, mmoja kusini hata Lyon na Marseille, mmoja kusini-magharibi hata Tours na Bordeaux, mwingine magharibi hata Nantes na bahari. Nyota hiyo haikutokea kwa bahati tu. Iliandikwa katika sheria ya tarehe 11 Juni 1842, na mhandisi mkuu aliyeichora aliitwa Legrand. Hata leo Wafaransa huiita nyota ya Legrand.

Sasa yachukueni majina ya mbio za baisikeli zilizosifika katika nchi ile: Paris–Rouen, Bordeaux–Paris, Paris–Brest, Paris–Roubaix, Paris–Tours, Paris–Nice. Yasomeni kwa sauti. Je, hamwoni kwamba msomaji afanana na mtu anayesoma ubao wa safari katika stesheni? Wengi hudhani kwamba baisikeli na gari la moshi hazina udugu wowote, kwa kuwa moja huenda kwa nguvu ya makaa na moto, na nyingine kwa miguu ya mtu. Lakini mbio hizo za mji hata mji zilizaliwa kando ya reli, reli ikazilea, na kwa sababu ya reli zilikaribia kuharibika kabisa. Ningependa kulieleza jambo hilo taratibu, maana vijana wetu huziona mbio hizo katika televisheni wakadhani kwamba tangu mwanzo zilikuwa na sheria zote, waamuzi wote na heshima yote ziliyo nayo leo.

Tuanze na Rouen, mji wa kale ulio juu ya mto Seine. Reli ya kutoka Paris ilifika huko mwezi wa Mei 1843. Mhandisi wake alikuwa Mwingereza, Joseph Locke, na wakandarasi wake, Mackenzie na Brassey, walitoka Uingereza pia, nao wakaleta wafanyakazi wengi wa kwao. Waingereza hao waliacha desturi yao ardhini: mpaka leo treni za Ufaransa hupita upande wa kushoto, ijapokuwa magari ya barabarani hupita kulia. Ni Alsace tu na sehemu ya Lorraine, zilizokuwa chini ya utawala wa Wajerumani toka 1871 hata 1918, ambako treni hufuata upande wa kulia.

Miaka 26 baada ya reli hiyo kufunguliwa, tarehe 7 Novemba 1869, watu zaidi ya mia moja walikusanyika Paris na baisikeli zao ili washindane kwenda Rouen, mwendo wa kilometa 123. Msifikiri baisikeli za siku zile zilikuwa kama hizi zetu, ambazo wengine huziita kinga. Hazikuwa na mnyororo, wala mipira ya upepo. Pedali zilifungwa katika gurudumu la mbele, na magurudumu yenyewe yalivikwa pete ya chuma. Aliyeshinda ni James Moore, naye vilevile Mwingereza, ila alikuwa amekulia Paris. Alitumia zaidi ya saa 10, yaani karibu kilometa 12 kwa saa, mwendo ambao kijana mwepesi wa miguu aweza kuushika kwa muda. Kati ya waliofika alikuwamo mwanamke mmoja aliyejiandikisha kwa jina la kubuni, Miss America, naye akawa wa 29. Wanaume kadhaa walifika nyuma yake, na wengi hawakufika kabisa.

Katika sheria za siku ile mlikuwa na jambo la kuchekesha. Mshindani alikatazwa kuvutwa na mbwa, na tena alikatazwa kutweka tanga ili asukumwe na upepo. Lakini baada ya kucheka, fikirini. Mtu aliyeiandika sheria hiyo alijua tabia ya binadamu. Alijua kwamba mahali palipo na zawadi, na njia ni ndefu, na macho ya watu ni machache, patatokea mtu atakayetafuta nguvu isiyo yake. Wa Rouen walifikiri habari ya mbwa na upepo. Gari la moshi, lililokuwa likipiga king'ora chake katika bonde lilelile, hawakulitaja.

Ukiniuliza kwa nini walichagua Rouen, nadhani jibu ni rahisi. Mji ulijulikana, magazeti ya Paris yalisomwa huko, na aliyechoka njiani au kuvunja gurudumu hakuhitaji kulala porini: alitafuta stesheni ya karibu, akarudi kwake. Pasipo reli, nani angethubutu kuwatuma watu mia moja kilometa 123 mwezi wa Novemba?

Kisha ikaja vita ya 1870 kati ya Ufaransa na Wajerumani, na mambo hayo yakalala kwa muda mrefu. Yaliamka kwa nguvu mwaka 1891, baada ya Dunlop kuanzisha mipira ya upepo mwaka 1888. Mwezi wa Mei wa mwaka huo zilifanyika mbio za kwanza za Bordeaux–Paris, zaidi ya kilometa 570. Waingereza walishika nafasi nne za mbele, na wa kwanza, G. P. Mills, alifika baada ya saa 26 na nusu hivi. Fahari ya Wafaransa iliumia. Mwezi wa Septemba gazeti moja la Paris, Le Petit Journal, kwa shauri la mwandishi wake Pierre Giffard, likatangaza jambo kubwa kuliko hilo: kutoka Paris hata Brest, mji wa bandari mwishoni kabisa mwa nchi, na kurudi. Jumla yake ni kilometa 1200 hivi, na Wafaransa peke yao ndio walioruhusiwa. Charles Terront aliumaliza mwendo huo kwa saa 71 na dakika 22, bila ya kulala usingizi, akipanda baisikeli yenye mipira ya Michelin, ambayo iliweza kutolewa na kuzibwa barabarani.

Hapa yafaa tusimame kidogo, tuulize faida ya gazeti ni nini katika jambo hili. Gazeti la Paris lilipigwa chapa usiku, likapakiwa katika magari ya moshi, nalo likafika mikoani pamoja na jua. Waya za simu za telegrafu nazo zilitandazwa kando ya reli. Basi mshindani alipopita mji fulani, habari zake zilikimbia katika waya kwenda Paris, zikaandikwa, zikapigwa chapa, zikarudi kwa treni, na mtu wa mji ule alinunua gazeti ili asome habari za yule aliyemwona jana kwa macho yake akipita mbele ya nyumba yake amejaa vumbi. Ndiyo sababu mbio zilifuata miji yenye stesheni. Gazeti halikuwa na haja ya barabara isiyo na wanunuzi.

Mbio za Paris–Roubaix zilianza kwa shabaha nyingine kidogo. Roubaix ni mji wa viwanda vya nguo, karibu na Lille na mpaka wa Ubelgiji. Wenye viwanda wawili, Théodore Vienne na Maurice Perez, walikuwa wamejenga uwanja wa baisikeli mwaka 1895, wakataka mbio zitakazotoka Paris na kumalizikia katika uwanja wao. Siku waliyoiwaza ilikuwa sikukuu ya Pasaka. Wakristo hawakupendezwa, maana washindani na watazamaji wangewezaje kusikiliza Misa? Mwaka ule wa 1896 Pasaka iliangukia tarehe 5 Aprili, na mbio zilifanyika tarehe 19, Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Mshindi alikuwa Mjerumani, Josef Fischer. Lakini mwaka uliofuata zilifanyika siku ya Pasaka yenyewe, na kwa muda mrefu watu wakaziita mbio za Pasaka. Mimi ni mwalimu, si hakimu wa mambo ya zamani. Hata hivyo naona wale walionung'unika mwaka 1896 walikuwa na neno la haki, na wenye uwanja walijua vema ni siku gani wafanyakazi wa viwandani hawako kazini.

Katika mbio hizo za kwanza mtu wa tatu alikuwa kijana mfupi mwenye masharubu, jina lake Maurice Garin. Alizaliwa mwaka 1871 katika bonde la Aosta, upande wa Italia, na katika ujana wake alikuwa akisafisha mabomba ya moshi katika nyumba za watu. Kazi hiyo ya masizi ni ya maskini kabisa. Mwaka 1897 na 1898 Garin alishinda Paris–Roubaix. Likumbukeni jina lake, maana habari yetu yote yamhusu.

Mwaka 1903 Paris ilikuwa na magazeti mawili ya michezo yaliyochukiana: Le Vélo, lililopigwa chapa katika karatasi ya kijani, na L'Auto, katika karatasi ya manjano. Bwana mkubwa wa L'Auto, Henri Desgrange, alikuwa akitafuta njia ya kumshinda mwenzake. Kijana mmoja wa ofisi yake, Géo Lefèvre, akampa shauri: tusifanye mbio za kutoka mji mmoja hata mwingine tu, bali tuizunguke Ufaransa nzima, mji kwa mji. Ndipo yakazaliwa mashindano ya Tour de France, ambayo watu wa mataifa yote wayajua leo.

Rudini katika ramani. Kipande cha kwanza kilitoka Paris hata Lyon, kilometa 467. Cha pili, Lyon hata Marseille, 374. Cha tatu, Marseille hata Toulouse, 423. Cha nne, Toulouse hata Bordeaux, 268. Cha tano, Bordeaux hata Nantes, 425. Cha sita, Nantes hata Paris, 471. Jumla ni kilometa 2428 katika vipande sita tu, na kati ya kipande na kipande washindani walipumzika siku moja au zaidi. Angalieni jinsi duara hiyo inavyopita juu ya miale ya nyota. Kutoka Paris hata Marseille walifuata njia ya kampuni kubwa ya reli iliyoitwa Paris–Lyon–Méditerranée. Kutoka pwani ile hata Bordeaux walikwenda sambamba na reli ya kampuni ya Midi. Barabara na reli zilikuwa jirani kwa sababu moja: zote mbili zilipenda mabonde. Gari la moshi haliwezi kupanda mteremko mkali, basi wahandisi waliilaza reli kando ya Saône, Rhône na Garonne, mle mlimopita barabara tangu zamani. Kwetu reli ya Matadi ilijengwa kwa sababu mto haupitiki kwa maporomoko yake. Kwao reli ilikwenda pamoja na mto kama rafiki.

Washindani 60 walianza tarehe 1 Julai 1903, alasiri, katika kijiji cha Montgeron karibu na Paris. Garin alifika Lyon baada ya saa 17 na dakika 45, amepanda usiku kucha. Mwamuzi na mwandishi wa habari alikuwa yuleyule Lefèvre, aliyetoa shauri. Aliwafuataje washindani? Mara kwa baisikeli yake, mara kwa gari la moshi! Alipanda treni ili awatangulie, akashuka katika stesheni, akawangoja barabarani aone nani anapita, kisha akakimbilia treni nyingine. Pasipo reli mashindano hayo yasingeweza kuwa na mwamuzi. Katika miji kadha wa kadha palikuwa na meza, na kila mshindani alitakiwa kuandika jina lake hapo. Watu 21 walimaliza, na Garin akawa wa kwanza, amemwacha wa pili kwa muda wa karibu saa 3. Msafisha mabomba ya moshi alipokea faranka elfu kadhaa, mali ambayo mtu wa kazi yake ya kwanza hakuweza kuiota.

Lakini, ndugu wasomaji, lililomsaidia mwamuzi laweza kumsaidia mwizi pia. Wazieni usiku wa kiangazi katika bonde la Rhône. Mshindani yu peke yake barabarani, taa yake ndogo yamulika hatua chache. Kutoka meza moja hata nyingine ni mwendo wa masaa. Miguu yamuuma, tumbo li tupu. Kando yake, hatua mia mbili tu, stesheni ndogo yawaka taa, na gari la moshi lakaribia. Nani amwona?

Mashindano ya mwaka 1904 yalifuata njia ileile. Kila kitu kiliharibika. Karibu na Saint-Étienne, usiku, watu wengi wenye fimbo waliwavamia Garin na wenzake, ili kijana wa mji wao, Antoine Faure, apate kutangulia. Huko Nîmes ghasia zilitokea tena kwa sababu ya mshindani mwingine wa nyumbani. Misumari ilitupwa barabarani. Na tangu siku za kwanza minong'ono ilienea: fulani alivutwa na motokari, fulani alipanda treni. Garin alifika Paris wa kwanza mara ya pili, akashangiliwa. Chama cha baisikeli cha Ufaransa kilichunguza kwa miezi minne, kikasikiliza mashahidi, na mwisho wa mwaka kikatoa hukumu. Wanne wa mbele wote walinyang'anywa nafasi zao: Maurice Garin, Lucien Pothier, César Garin ndugu yake, na Hippolyte Aucouturier. Garin alifungiwa miaka miwili. Pothier alikatazwa maisha yake yote, ijapokuwa baadaye alisamehewa. Ushindi akapewa mtu wa tano, Henri Cornet, kijana ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 20. Mpaka leo hakuna aliyeshinda mashindano hayo akiwa na umri mdogo kuliko wake.

Wengine husimulia habari hii kama kichekesho: wapanda baisikeli wapanda treni, ha ha! Mimi siioni hivyo. Mfikirieni kijana Cornet. Yeye naye alionywa kwa kosa dogo la kusaidiwa na motokari, basi hakuwa malaika. Lakini siku ile waliposhangiliwa wengine, yeye alikuwa nyuma kwa masaa, na ushindi wake ulimjia kwa karatasi, wakati wa baridi, uwanja ukiwa mtupu. Sifa iliyochelewa hivyo haina ladha ileile. Na yule aliyekuwa wa 15 kwa haki, akaachwa na watu waliopata msaada gizani, yeye hatajwi popote. Hasara ya udanganyifu mara nyingi huwaangukia watu ambao majina yao hayaandikwi.

Desgrange alidhani mashindano yake yamekufa. Lakini mwaka 1905 aliyafufua kwa namna nyingine. Alivipunguza urefu vipande, vikawa 11, ili watu wasipande usiku. Ushindi haukuhesabiwa tena kwa masaa bali kwa nafasi: wa kwanza apewa pointi moja, na mwenye pointi chache mwishoni ndiye mshindi. Hivyo mwenye kuiba nusu saa hakupata faida kubwa kama zamani. Hata hivyo mazoea hayakuisha mara moja. Mwaka 1906 watu watatu walifukuzwa kwa sababu walipanda treni. Na tangu 1905 mashindano yalianza kuacha mabonde kwenda milimani: kwanza Ballon d'Alsace, kisha mwaka 1910 milima ya Pyrénées pamoja na Tourmalet, na mwaka 1911 Galibier katika milima ya Alpes, penye urefu wa zaidi ya meta 2500. Desgrange alitaka milima kwa sababu ya ukali wake na kwa sababu ukali huuza magazeti, hilo twalijua. Lakini naona faida nyingine ambayo watu hawaitaji sana. Juu ya Galibier hakuna stesheni. Hapo mtu apanda kwa kifua chake mwenyewe, na watazamaji wamwona kutoka mbali, zamu baada ya zamu ya njia.

Garin naye alirudi kaskazini, akaishi Lens, mji wa machimbo ya makaa, akiwa na karakana yake, hata alipofariki mwaka 1957.

Makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, SNCF, tangu tarehe 1 Januari 1938. Makaa yaliisha, umeme ukaja. Mwaka 1981 ilifunguliwa njia ya treni za kasi kati ya Paris na Lyon, na sasa mwendo ule uliomchukua Garin saa 17 na dakika 45 wamchukua abiria saa 2 hivi, ameketi, anasoma. Marseille ni karibu saa 3 tangu mwaka 2001, na Bordeaux saa 2 na dakika chache tangu 2017. Nyota ya Legrand imekuwa na nguvu kuliko zamani: mtu wa Lyon atakaye kwenda Bordeaux kwa treni mara nyingi huona ni afadhali apitie Paris. Mbio nazo zimebadilika. Bordeaux–Paris ya wapanda baisikeli wa kazi ilifikia mwisho mwaka 1988. Paris–Brest–Paris hufanyika kila miaka minne, lakini si mashindano tena. Ni safari ya wapenda baisikeli, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana. Paris–Roubaix yaanzia Compiègne tangu 1977. Na Tour de France, ambayo kila mwaka ilimalizikia Paris au karibu na Paris, mwaka 2024 kwa mara ya kwanza ilimalizikia Nice, kwa sababu Paris ilikuwa ikijitayarisha kwa michezo ya Olimpiki. Tena vipande vyake havigusani kama zamani. Jioni washindani wamaliza mji huu, na kesho wataanza mji mwingine ulio mbali. Basi miaka mingine wakubwa wa mashindano wenyewe huwapandisha katika treni ya kasi! Lililokuwa kosa la kufukuzwa mwaka 1904 limekuwa tiketi ya kulipiwa, bora lifanyike kati ya kipande na kipande.

Lakini reli haijaacha kuwajaribu watu. Imebadili mahali tu. Huko kaskazini, katika nchi tambarare ya Roubaix, barabara nyingi ndogo hukata reli, na palipo na mkato kuna mti wa kuzuia, wenye rangi nyekundu na nyeupe, ambao hushuka treni inapokaribia. Tarehe 9 Aprili 2006, kilometa zipatazo 10 tu kabla ya mwisho, Fabian Cancellara wa Uswisi alikuwa ametangulia peke yake na kuuvuka mkato. Nyuma yake walikuja watatu: Leif Hoste, Peter Van Petegem na Vladimir Gusev. Mti ulikuwa umeshuka. Walijipenyeza wakapita. Kundi lililofuata, pamoja na Tom Boonen aliyekuwa bingwa wa dunia, lilisimama likangoja, na treni ikapita. Watatu wale walifika Roubaix wa pili, wa tatu na wa nne. Waamuzi wakawafuta wote watatu, na Boonen, aliyesimama mbele ya mti, akapewa nafasi ya pili.

Wengi waliona hukumu hiyo kuwa kali. Walisema treni ilikuwa bado mbali, na mtu aliyejitesa kilometa 250 juu ya mawe hana akili ya kusoma sheria. Mimi nawaza juu ya watoto waliokuwa kando ya mti ule wakitazama.

Sheria ya chama cha baisikeli cha dunia yaeleza mambo haya wazi. Kuvuka mti ulioshuka ni marufuku, na aliyevuka hufukuzwa. Aliyetangulia akauvuka kabla haujashuka, na wenzake wakazuiliwa, hiyo ni bahati ya safari, hawapewi kitu. Aliyetangulia akazuiliwa yeye, lakini mti ukainuka kabla wenzake hawajamfikia, vilevile ni bahati. Bali aliyekuwa mbele kwa zaidi ya nusu dakika, akazuiliwa hata wakamfikia, mbio husimamishwa, na mti ukiinuka yeye huachwa aende kwanza kwa muda uleule aliokuwa amewatangulia. Naipenda sheria hiyo. Yamrudishia mtu masaa yake mwenyewe, wala haimpi ya mwingine.

Tarehe 12 Aprili 2015, katika mbio hizohizo, kundi kubwa lilifika penye mkato wakati mti ukishuka na taa nyekundu zikiwaka. Wengine walipita chini yake, wengine kando yake, mmoja mmoja, hata askari wa pikipiki akasimama katikati akawazuia waliobaki. Muda wa nukta chache baadaye ilipita TGV, treni ya kasi. Picha zake zilionyeshwa katika nchi nyingi. SNCF ilikasirika, ikapeleka mashitaka ili ijulikane nani walivuka, ikakumbusha kwamba treni ya namna ile, hata dereva akifunga breki mara moja, huenda mbali sana kabla ya kusimama. Waamuzi wa mbio hawakumfuta mtu hata mmoja. Walisema kundi lilikuwa kubwa na la mwendo wa kasi, halikuweza kusimama ghafula pasipo watu kuangukiana, tena kuwatambua wote waliovuka hakukuwezekana. Mbio ziliendelea, na Mjerumani John Degenkolb akashinda. Katika uwanja wa Roubaix alipewa jiwe moja la barabara kama kawaida, na treni ile ya kasi ilikuwa imekwisha kufika mbali.